UZI: Kuiona TBC1 kutwa nzima ukiwa Mtwara au Lindi – antena, umeme na ratiba ya vipindi

#1 FundiMikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa yeyote mwenye jukumu la kuweka televisheni mahali pa watu wengi huku kwetu kusini: ofisi ya kijiji, baraza la zahanati, ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kijiwe cha kahawa. Lengo ni kuiona TBC1 tangu vipindi vya alfajiri mpaka taarifa ya habari ya saa 2 usiku na vinavyofuata, picha isigande na betri isife saa 1 na nusu usiku, watu wakiwa wameshakaa.

Kinachokwamisha wengi ni mpangilio wa kununua. TV kwanza, king'amuzi baadaye, halafu sola kwa hela iliyobaki. Anzeni na ratiba. Chukueni karatasi, andikeni saa ambazo watu wa hapo wanataka kutazama kweli. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaambia paneli ya wati ngapi, betri ya ukubwa gani, na kama mnahitaji inchi 32 au 24 inatosha.

Ratiba hubadilika, lakini mifupa ya siku ni hii. Asubuhi mapema kuna Jambo Tanzania: magazeti, mahojiano, habari fupi. Saa 3 asubuhi, Bunge likiwa limeketi, kinaingia kikao cha Dodoma, na Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Mchana ni afya, kilimo, elimu, mahojiano na marudio. Alasiri mambo ya watoto na vijana. Jioni michezo na muziki, au Bunge tena. Saa 2 usiku taarifa ya habari, kisha mijadala na tamthilia.

Sasa vifaa. Nataja vile vya antena ya kawaida kwanza, dishi tutalifikia.

King'amuzi (TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakiita kisimbusi) kiwe cha DVB-T2, toleo la pili la mfumo wa dijitali wa antena. TV nyingi mpya zina T2 ndani yake, lakini soma lebo ya nyuma: ikiandikwa DVB-T tu, haitasoma kitu hata ikitafuta chaneli kutwa. Antena ya nje ya UHF, ile ya fimbo nyingi, yenye fimbo 12 na kuendelea ukiwa nje ya mji. Waya wa RG6 wa omu 75, si ule mwembamba mweupe unaouzwa kwa mita bila jina. RG6 nzuri hupoteza nguvu ya mawimbi kama desibeli 3 na nusu kwa kila mita 20. Ule mwembamba hupoteza zaidi, na konekta haikai vizuri. Konekta za F za kuzungusha, mbili. Bomba la inchi moja na nusu, mita 6 kwenda juu. Utepe wa mpira wa kuzuia maji.

Kuhusu malipo: TBC1 ni chaneli ya bure. Kwenye ving'amuzi vya antena inatakiwa ionekane hata kifurushi kikiisha. Ikipotea siku kifurushi kilipokwisha, tafuta chaneli upya kabla ya kulipa chochote.

#2 Nanyamba_Njiapanda

Asante sana mkuu. Mstari wa nguvu ya mawimbi unasoma 80 lakini picha inakatika vipande vipande na sauti inakwaruza. Busta ikiongezwa hali inakuwa mbaya zaidi. Tatizo ni king'amuzi?

#3 FundiMikindani

Si king'amuzi. Kwenye menyu kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wengi huangalia wa nguvu kwa sababu ndio unaopanda haraka. Wa ubora, ulioandikwa Quality, ndio unaotoa picha. Nguvu 45 na ubora 80, utatazama siku nzima kwa raha. Nguvu 80 na ubora 25, picha itakuwa vigae.

Busta hukuza kila inachopewa. Mawimbi yakija machafu, unapata uchafu mkubwa zaidi. Ukiwa karibu na mnara ndiyo kabisa, king'amuzi kinazidiwa. Busta ina kazi moja halali: kufidia upotevu wa waya mrefu au wa spilita (kigawanyo cha waya kwa TV zaidi ya moja), na mahali pake ni juu, pale antena ilipo, si nyuma ya TV. Spilita ya njia mbili peke yake inakula karibu desibeli 4, kwa hiyo kama TV ni moja, itoeni.

Fuateni hivi, kwa mpangilio huu huu:

Ondoa busta na spilita. Unganisha antena moja kwa moja. Kisha tazama fimbo za antena za majirani wanaopata picha: zimelala au zimesimama? Zako zifanane nazo. Antena iliyolazwa wakati mawimbi yamesimama inaweza kupoteza mpaka desibeli 20, yaani ni kama haipo.

Mtu mmoja akae ndani na menyu ya ubora, mwingine azungushe bomba kidogo kidogo, digrii 5 hivi, kisha asubiri sekunde 4 au 5. King'amuzi kinachelewa kusoma. Ukizungusha mfululizo utapita mahali pazuri bila kujua. Ukishapata kilele, endelea kuzungusha mpaka ubora uanze kushuka, halafu rudi katikati ya pande mbili za kushuka. Hapo ndipo pa kukaza.

Mwisho kagua konekta. Uzi mmoja wa waya wa nje ukigusa waya wa kati, basi. Waya wa kati utokeze milimita 2 hivi nje ya konekta, si zaidi.

Kama busta yako inakula umeme kupitia waya wa antena, lazima uiwashe kwenye menyu ya king'amuzi (volti 5). Isipowashwa, busta inageuka kizuizi. Na ukiiwasha wakati hakuna busta, antena nyingine husoma kama shoti na king'amuzi kinatoa onyo.

#4 BintiWaUwanda

Niongezee la milima na miti, maana Mtwara si tambarare kama watu wa mbali wanavyodhani.

Mawimbi ya UHF hupita karibu mstari mnyoofu. Kanuni ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha kwa 4.12. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 9: kumi jumlisha tatu, mara 4.12, unapata kilomita 53 na ushee. Hiyo ni kwenye ardhi tambarare. Ukiwa Newala ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, unaweza kupata zaidi ya hapo. Ukiteremka bondeni kuelekea Ruvuma, mnara ule ule unakuwa nyuma ya ukuta wa uwanda, na hakuna antena itakayotoboa ardhi. Huko nendeni na dishi, msiteseke.

Mikorosho ndiyo inayosahaulika. Mkorosho hauangushi majani yote kwa pamoja, na tawi lake ni pana. Ukiwa mbele ya antena, mita 10 au 15 tu, unameza mawimbi, na majani yakiwa na maji ya mvua yanameza zaidi. Ndiyo maana kuna nyumba zinapata picha Agosti, zinakosa Januari. Msikate mkorosho kwa ajili ya televisheni. Hamisheni bomba upande wa nyumba ulio wazi, hata kama waya utaongezeka mita 10; desibeli 2 zinazopotea kwenye waya ni kidogo kuliko zinazomezwa na mti.

Pwani ni minazi. Mnazi ukiyumba kwenye kusi, picha inaganda na kurudi kwa mdundo ule ule wa upepo. Ukiona hivyo, usiguse king'amuzi. Sogeza antena pembeni mita 2 au 3, au ipandishe.

Antena ya ndani chini ya bati haifai kabisa. Chini ya makuti hukubali, mpaka makuti yalowe.

#5 UmemeJua_Masasi

Nije kwenye umeme, maana hapa ndipo hela zinapotea.

TV ya LED ya inchi 32 inakula kati ya wati 35 na 55; chukua 40. King'amuzi wati 10. Jumla 50. Kutwa nzima, saa 12 asubuhi hadi saa 5 usiku, ni saa 17. Mara 50 ni wati-saa 850 kwa siku.

Jua la huku ukilihesabu kwa uangalifu ni saa 4 na nusu za jua kamili. Upotevu wa joto, vumbi, waya na betri, zidisha kwa 0.7. Kwa hiyo 850 gawanya kwa 3.15, unapata paneli ya wati 270. Dukani utanunua 300.

Sasa chukueni ile karatasi ya mwanzisha uzi. Kama mnataka Bunge saa 3 hadi saa 7 mchana, watoto saa 10 hadi saa 12, na usiku saa 1 hadi saa 4, hizo ni saa 9. Mara 50 ni 450. Paneli ya 150 inatosha. Ratiba tu imepunguza paneli nusu nzima. Na mkichukua inchi 24, ambayo na king'amuzi chake ni kama wati 35, mnashuka tena hadi 315.

Betri msiipime kwa kutwa nzima. Mchana paneli inabeba TV moja kwa moja. Pimeni saa za giza na siku ya mawingu. Saa 12 jioni hadi saa 5 usiku ni wati-saa 250. Betri ya asidi ya volti 12 na 100Ah (ampea-saa) ni wati-saa 1,200, lakini itumieni nusu tu, 600. Inabeba usiku mmoja na kubaki na akiba ya siku mbovu. Ikishushwa kila siku mpaka chini, haimalizi mwaka. Betri ya lithiamu ya 50Ah ina 640, na unaweza kutumia asilimia 80, yaani kama 510; bei juu, uzito mdogo, inadumu zaidi.

Paneli zielekezeni kaskazini, mlalo wa digrii 10 hadi 15. Sisi tuko kama digrii 10 kusini mwa ikweta. Vitabu vya nchi za kaskazini vinasema elekeza kusini, na kuna mafundi wanavifuata hivyo hivyo. Mlalo pia unasaidia mvua kuosha vumbi. Paneli iliyolala kabisa inashika tope.

#6 Nangurukuru_Stendi

Inveta ni lazima? Na TV ya volti 12 naifunga moja kwa moja kwenye betri?

#7 UmemeJua_Masasi

Inveta si lazima, na kwa kazi hii ni hasara. Inveta ndogo inakula wati 8 hadi 15 hata ikikaa bure. Saa 17 mara 10 ni wati-saa 170 kila siku, karibu saa 3 na nusu za televisheni.

Moja kwa moja kwenye betri, hapana. Ipitishe kwenye kidhibiti chaji, upande wa matumizi, ili betri ikishuka sana kikate chenyewe. Pia betri ya asidi ikichajiwa inafika volti 14.4. Soma nyuma ya TV: ikiandika 10–15V, sawa. Ikiandika 12V peke yake, weka kifaa cha kutuliza volti katikati. TV nyingi za sola hufa mchana, jua likiwa kali, kwa sababu hiyo hiyo, halafu lawama zinaangukia radi.

Waya nao usipuuzwe. Wati 50 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 4. Betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye TV, waya wa milimita 1.5 unapoteza volti 1 nzima njiani, na TV inazima betri ikiwa bado na chaji. Tumia 4, au angalau 2.5. Fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, upande wa chanya.

Walio kwenye umeme wa TANESCO, umeme ukikatika usiwashe TV mara unaporudi. Stebilaiza yenye kuchelewesha dakika 3 ni kinga ya bei nafuu.

#8 MwanaRatiba

Naomba niseme kidogo kuhusu siku yenyewe ya vipindi, kwa sababu wengi wanarekodi wakakuta kipindi kingine kabisa.

Televisheni ya Taifa ilianza mwaka 2000, na mwaka 2007 TBC ikachukua redio na televisheni pamoja. Ikiwa ya umma, siku yake inabeba vitu ambavyo kituo cha biashara kingeviacha: kikao cha Bunge cha muda wa saa nne, hotuba, ibada, Baraza la Idd, kilele cha Nane Nane. Vitu hivyo havina saa kamili ya kumalizika. Kikao kikivuka muda, kipindi cha kilimo kinachofuata husukumwa, hufupishwa au hutolewa. Taarifa ya saa 2 usiku ndiyo nguzo isiyosogezwa hovyo. Kwa hiyo upangeni usiku wenu kuanzia hapo kurudi nyuma.

Vipindi virefu vya moja kwa moja ni gharama. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC itapunguza kurusha Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, na waziri aliyetangaza alikuwa mbunge wa Mtama, hapa hapa Lindi. Mjadala wa siku zile ulionyesha watu wanavyokithamini kikao cha asubuhi.

Siku zenye uzito kwa mwaka: Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, ambapo hotuba kuu ya bajeti husomwa katikati ya Juni, saa 10 jioni. Aprili 26 Muungano, Agosti 8 Nane Nane (kanda yetu iko Ngongo, Lindi), Desemba 9 Uhuru. Siku hizo TV huwaka tangu asubuhi. Chajini betri siku ya kuamkia, na taa za ziada zipumzike.

Kurekodi sasa. King'amuzi chenye tundu la flashi kinarekodi. Kipindi cha ubora wa kawaida kinakula kama GB 1.1 kwa saa, kwa hiyo flashi ya GB 16 inabeba saa 12 au 13. Ifomatini ndani ya king'amuzi chenyewe. Ikiwa ni FAT32 (aina moja ya mpangilio wa flashi), faili moja haizidi GB 4, kama saa 3 na nusu. Kikao cha Bunge cha saa 4 kitagawanyika vipande viwili, au king'amuzi dhaifu kitaacha kurekodi bila kusema. Wekeni vipindi viwili vya kurekodi vya saa 2 badala ya kimoja cha 4. Ongezeni dakika 10 kabla na 20 baada.

Na saa ya king'amuzi iwe GMT +3. Ikibaki sifuri, taarifa ya habari itaonyeshwa kwenye ratiba ya skrini kuwa saa 11 jioni na king'amuzi kitarekodi kitu kingine. Hili ndilo linalosababisha malalamiko mengi kuliko ubovu wowote wa kifaa. Kumbukeni pia skrini inasema 20:00, sisi tunasema saa 2 usiku. Anayepanga na anayetazama wasome saa moja.

#9 KilwaMasoko_Bandarini

Kwa walio mbali na mnara, dishi linaelekezwa wapi? Mafundi wawili wanasema vitu viwili.

#10 FundiMikindani

Inategemea king'amuzi chako kinafuata setilaiti ipi, na hapo ndipo mafundi wanapogongana. Nitoe mfano wa Azam, ambayo setilaiti yake iko digrii 7 Mashariki. Ukiwa Mtwara mjini, uelekeo ni kama digrii 285 za dira, yaani magharibi na kukwepa kidogo kaskazini. Mwinuko ni kama digrii 50. Kilwa tofauti ni ndogo, anzia hapo hapo.

Usidanganywe na uso wa dishi. Dishi la kawaida la nyumbani lina mkengeuko wa digrii 22 hadi 25, kwa hiyo uso wake utaonekana umeinuka digrii 25 hivi tu wakati linatazama 50. Mbele kusiwe na mti wala paa.

Kinachosumbua zaidi huku ni kuzungusha LNB (kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi) kwenye kishikio chake. Tukiwa karibu na ikweta na setilaiti ikiwa mbali upande wa magharibi, pembe hiyo ni kubwa sana, kama digrii 70. Fundi aliyezoea digrii 10 au 15 hatapata ubora, atazungusha dishi mpaka jioni. Dishi likishashika hata ubora wa 20, liache. Shika LNB, izungushe polepole, upande mmoja kisha wa pili, utaona ubora unaruka. Kaza hapo.

Nguzo iwe wima kwa pima maji. Ikiinama digrii 2, namba zote hizo zinapotea.

Mvua kubwa ya Januari au Machi itakata picha ya dishi kwa dakika 10 au 20, na hilo halitengenezwi kwa kuzungusha. Dishi la sentimita 90 badala ya 60 hupunguza. Likikatika kwenye mvua ya kawaida, hapo ndipo dishi halijakaa sawa.

#11 MwalimuNachingwea

Ombi langu kwa wanaoweka TV shuleni na zahanati: angalieni umbo la picha. Wengi huweka mkuzo ili picha ijaze skrini, na kingo zinakatwa. Kinachokatwa ni maandishi ya chini na mkalimani wa lugha ya alama pembeni. Kwa kiziwi aliyekuja kufuata habari, mmemnyima kila kitu. Wekeni 16:9 ya kawaida au picha kamili. Kipindi cha zamani kikija na mistari myeusi pembeni, kiacheni hivyo hivyo.

Sauti: spika za TV ya inchi 24 ni wati 3 kila upande, hazitoshi baraza la watu 30. Tumieni waya wa kwenda kwenye spika ya nje. Spika ya bluetuthi huchelewesha sauti, midomo na maneno havikutani, na watoto wanaojifunza matamshi wanachanganyikiwa.

Kwa shule, rekodini vipindi vya watoto mwishoni mwa juma, muonyeshe siku ya masomo kwa vipande vya dakika 10, mkisimamisha kwa maswali. Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, kinafundisha hesabu na sayansi na kinakubali sana kugawanywa hivyo. Watoto 40 kwenye inchi 32, wa nyuma asikae zaidi ya mita 5.

#12 Msimbati_Ngalawa

Kwa wavuvi, utabiri wa hali ya hewa ndio unaoangaliwa kwanza. Upepo, mawimbi, pwani ya kusini. Kimbunga Kenneth Aprili 2019 kilitua Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara ilikuwa kwenye tahadhari. Mei 2024 Hidaya ikaja upande wa Kilwa na barabara ya Dar es Salaam ikakatika.

Siku kama hizo TV ndiyo ya kwanza kuzimika: mawingu, paneli haichaji, antena inayumba. Naomba wataalamu waseme la kufanya.

#13 UmemeJua_Masasi

Onyo likitoka, zimeni TV mchana wote, iwashwe kwa taarifa tu. Betri ya 100Ah iliyojaa, ikitumika nusu kwa inchi 24, inatoa saa 17, yaani siku 4 au 5 za kutazama habari asubuhi na usiku. Teremsheni dishi kabisa, bomba la antena lipunguzwe au lifungwe nyaya tatu. Na redio iwepo, TBC Taifa, inayokula wati 3 tu na haihitaji picha. Kabla radi haijaanza, chomoa waya wa antena kwenye king'amuzi. Kuzima swichi hakutoshi, radi inapita kwenye waya wa antena. Bomba liwe na waya wa ardhini na fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi.

#14 Ruangwa_Uwanjani

Mechi za Namungo zinaonyeshwa TBC1?

#15 MwanaRatiba

Ligi Kuu kwenye televisheni ni haki ya Azam. Kwa TBC, fuatilia redio ya TBC Taifa.

#16 FundiMikindani

Kabla sijasahau, chumvi na salfa.

Pwani, alumini ya antena inatoa unga mweupe na skrubu zinaliwa. Kila miezi 6 teremsha, sugua pale waya unapogusa fimbo, paka mafuta mazito, funga tena kwa utepe wa mpira, juu yake utepe wa plastiki kwa sababu jua linaula ule wa mpira. Waya unapoingia ndani ya nyumba uache upinde kuelekea chini, maji yadondoke hapo, yasifuate waya mpaka kwenye king'amuzi. Waya ulioingia maji haukauki. Ukiukata ukaona shaba ya ndani imekuwa nyeusi au kijani, kata mita nzima au badilisha wote.

Bara, kwenye mikorosho, kuanzia Juni hadi Agosti kuna salfa ya unga. Inapuliziwa alfajiri upepo ukiwa umetulia, na inatua kwenye paneli na kwenye konekta. Ikikutana na umande, shaba inageuka nyeusi. Msimu huo futeni paneli kila wiki kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kabla ya jua. Paneli ya moto ikimwagiwa maji baridi kioo kinaweza kupasuka. Msitumie sabuni ya unga. Vichwa vya betri navyo vipakwe grisi.

#17 Tandahimba_Ghalani

Swali la mwisho kutoka ghalani. Mchana ubora ni 75, picha safi. Ikifika saa 1 usiku ubora unashuka mpaka 30, na habari za minada ya korosho zinatupita. Antena haijaguswa.

#18 FundiMikindani

Kitu kinachobadilika saa 1 usiku ni taa. Taa za LED za bei ya chini zina saketi inayotoa kelele, na busta inazikusanya. TV ikiwa imewashwa na menyu ya ubora iko wazi, zimeni taa zote za ghala, kisha washeni moja moja. Ile inayoangusha ubora itoeni. Fanyeni hivyo hivyo kwa chaja za simu zilizochomekwa kwenye ukuta huo huo.

Taa zikiwa hazina kosa, pimeni volti kwenye king'amuzi wakati huo wa usiku. Mchana paneli inaibeba betri, jioni betri iko peke yake. Ikiwa chovu, volti inashuka hadi 11 na busta inakosa nguvu yake. Hapo tatizo ni betri au waya mwembamba wa kutoka kwenye betri.

Vyote viwili vikiwa sawa, ndipo mpande juu mkague konekta ya antena. Umande huanza kushuka saa hizo, na konekta isiyofungwa vizuri inalowa kila jioni na kukauka kila asubuhi.

#19 Tandahimba_Ghalani

Taa kwanza, volti pili, konekta tatu. Karatasi ya hatua hizi inabandikwa ukutani leo, na mlinzi wa ghala anaachiwa nakala.